Nafundisha watoto kuogelea Ziwa Tanganyika bila klabu wala bwawa: uzi kwa wazazi, na kwa anayetaka kuanza

Mwogeleaji wa Bangwe (mleta uzi)

Wakuu, habari za asubuhi.

Wiki hizi tatu nimepokea ujumbe mwingi wa faragha. Wazazi wa hapa Kigoma wanauliza nafundishia wapi na kwa bei gani. Vijana wa Mwanza, Bukoba, Mtwara na mmoja wa Sumbawanga wanauliza waanzeje kazi kama yangu bila kuajiriwa na shule wala hoteli. Nimeona niandike mara moja hapa, kila mtu asome. Uzi utakuwa mrefu, nitauleta kwa vipande.

Nafundisha watoto kuogelea ziwani, upande wa Bangwe. Huu ni mwaka wa sita. Kabla ya hapo nilikuwa mwajiriwa kwenye shule moja binafsi yenye bwawa, si ya mkoa huu, na jina lake halitusaidii kitu. Kipindi kilikuwa dakika 40, watoto 38, mwalimu mimi peke yangu. Ukitoa muda wa kubadili nguo na kupanga mistari, kila mtoto alikuwa anapata mkono wangu kwa nusu dakika.

Siku moja nilikuwa nimemshika binti aliyekuwa analia upande wenye kina kifupi. Nyuma yangu, mita nne tu, mvulana wa darasa la pili alikuwa amesimama wima ndani ya maji, kichwa amekilaza nyuma, mdomo uko usawa wa maji. Kimya kabisa. Mwenzake ndiye aliyeniambia, "Mwalimu, huyu hacheki tena." Nilimtoa akiwa na fahamu, akakohoa, akatapika maji, akalazwa usiku mmoja, akapona. Niliomba wasaidizi wawili. Nikajibiwa fedha hakuna, niendelee hivyo hivyo. Muhula ulipoisha niliondoka.

Tunasema mfa maji haachi kutapatapa. Kwa jambo hili moja methali hiyo imetupotosha, na nawaomba wazazi mlishike hili hata kama hamtasoma kipande kingine chochote. Mtoto anayezama mara nyingi hatapatapi. Hapigi kelele kwa sababu pumzi kidogo anayoipata yote inakwenda kwenye kuvuta hewa. Hapungi mkono kwa sababu mikono yake imekwenda pembeni, inasukuma maji chini ili mdomo upande juu. Anaonekana kama mtu anayepanda ngazi isiyoonekana. Hali hiyo inaweza kudumu sekunde 20, ikizidi sana dakika moja, kisha anakwenda chini. Ukiwa ufukweni unatazama simu, huwezi kusikia chochote.

Ndiyo maana sheria yangu ya kwanza ni watoto wanne kwa mwalimu mmoja, na ufukweni mtu mzima mwingine ambaye kazi yake ni kuhesabu vichwa tu. Hafundishi, hapokei simu. Anahesabu.

Mvuvi Mstaafu

Mwakeye mwalimu. Nakuheshimu ila nina swali. Sisi tumezaliwa Katonga, hakuna aliyetufundisha. Tulitupwa majini na kaka zetu tukajua. Mtoto wa ziwani anahitaji kulipiwa ada ya kuogelea kweli?

Mwogeleaji wa Bangwe (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo ninaloulizwa kila siku pale Kibirizi, na nalijibu kwa adabu zote.

Mzee, walioko hapa kusema tulitupwa tukajua ni wale waliojua. Wenzenu ambao hawakujua hawapo kuandika. Kila mtaa wa ufukweni hapa Kigoma una mama anayeweza kukuonyesha mahali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na Afrika ndiko kiwango kiko juu kuliko kanda nyingine zote. Wengi wao hawakuwa watalii, ni watu wanaochota maji, wanaovua, wanaovuka, na watoto wao.

Na hata waliojua, wengi wanaogelea kichwa kikiwa juu, kama mbwa anayevuka mto. Inafaa kwa mita kumi. Mtumbwi ukipinduka mita 200 kutoka nchi kavu, shingo inachoka, miguu inashuka, mtu anaisha nguvu akiona kabisa nyumba za kwao. Wewe mwenyewe umefanya kazi ya uvuvi, unajua ni vijana wangapi wanaotoka usiku na karabai na hawawezi kuogelea hata kidogo.

Mama Watatu

Kaka asante sana. Mimi niko Mwanga ya hapa Kigoma, wanangu wana miaka 4, 7 na 11. Naogopa vitu viwili, mamba na kichocho. Niambie ukweli.

Mwogeleaji wa Bangwe (mleta uzi)

Dada, nakujibu ukweli wote, na hapo hapo naingia kwenye kipande cha pili, yaani kuchagua mahali.

Mamba wapo ziwani. Huwa wanapenda midomo ya mito, matete na maji ya matope, kwa hiyo upande wa mto Luiche sipeleki mtoto hata wa kunawa miguu. Kabla ya msimu nakaa na wavuvi na viongozi wa BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia ufukwe, nikiuliza nini kimeonekana na wapi. Wao wako majini kila siku, mimi ni mgeni wao. Wakisema pale leo hapana, darasa linahamia nchi kavu.

Kichocho ni swali gumu zaidi, na mwalimu atakayekuambia ziwa halina kichocho mkimbie. Kinatokana na vimelea wanaokua ndani ya konokono wa maji baridi, kisha wanatoka na kupenya ngozi ya mtu ndani ya dakika chache. Konokono hao wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, na wanaambukizwa pale watu wanapojisaidia ndani ya maji au karibu nayo. Kwa hiyo nachagua ufukwe wa mchanga na mawe unaopigwa na mawimbi, usio na matete, na mbali na vijito vinavyoshuka kutoka kwenye makazi. Vimelea hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, kuelekea mchana. Naanza saa 1 asubuhi, saa 3 mtoto wa mwisho ameshatoka. Akitoka anajifuta kwa taulo kwa nguvu, palepale. Hayo yote yanapunguza hatari, hayaiondoi. Ndiyo maana namtaka kila mzazi ahakikishe mtoto anapata prazikwanteli, yaani vidonge vya kichocho, zinapogawiwa shuleni, na mtoto akikojoa damu au akilalamika tumbo, aende kupimwa na aseme wazi kwamba anaogelea ziwani.

Sasa kina. Ziwa Tanganyika lina mita 1,470 palipo na kina kikubwa zaidi, la pili duniani baada ya Baikal, na limekaa ndani ya bonde la ufa. Kwa mwalimu maana yake ni hii: ukingo wetu hauendi taratibu kama fukwe nyingi za Dar. Kwenye miamba unapiga hatua tatu maji yako kiunoni, ya nne hugusi chini. Juu ya hilo, maji yetu ni maangavu mno, na mwanga unapotoka majini hupinda, chini kunaonekana karibu kuliko kulivyo. Maji ya mita mbili jicho linakuambia ni mita moja na nusu. Mtoto anaona jiwe, anaruka kulisimamia, halifiki.

Na ramani ya kichwani mwako usiiamini. Maji yalipopanda miaka ya 2020 na 2021 yalimeza fukwe. Palipokuwa na mchanga wa kuchezea mpira pakawa na visiki, misingi ya vibanda, mabati. Kila msimu naingia mwenyewe nimevaa raba, na fimbo ya mita mbili niliyoichora alama, napima hatua kwa hatua. Napata eneo la mita 10 kwa 15 ambalo halizidi kifua cha mtoto wa miaka saba. Nalizungushia kamba yenye maboya ya nyavu kuukuu niliyopewa na wavuvi. Nje ya kamba hakuna mtoto.

Hapo kwenye kamba nilifika baada ya kukosea. Nilikuwa nimesoma kwamba Bangladesh watoto wa vijijini wanafundishwa ndani ya madimbwi, kwenye jukwaa la mianzi lililozama, lenye sakafu na uzio, ili maji yasiwazidi. Wazo likanipendeza sana. Nikamlipa fundi wa mitumbwi tukajenga la mita 4 kwa 6, sakafu sentimita 70 chini ya maji. Lilidumu wiki tano. Kusi la Juni, ule upepo mkali wa kusini, lilikuja usiku mmoja, asubuhi nikakuta mianzi imetapakaa ufukweni na misumari ikiwa imesimama juu. Dimbwi halina mawimbi, ziwa hili linayo. Nashukuru ilitokea usiku.

Wa miaka 4, dada, bado simpokei. Nachukua kuanzia miaka 6. Mdogo huyo anahitaji macho yako na mkono wako usiozidi urefu wa hatua moja kila anapokuwa karibu na maji, na hata ndoo ya maji nyumbani ifunikwe.

Kijana wa Forodhani

Mwalimu tunasubiri mtiririko wa masomo. Unaanza na nini?

Mwogeleaji wa Bangwe (mleta uzi)

Samahani kwa ukimya, jana ziwa lilichafuka nikawa naghairi vipindi vya watu.

Hapa ndipo penye moyo wangu, mtanivumilia nikirefusha.

Somo la kwanza hakuna kuogelea. Mtoto anakaa mchangani maji yakimfika kiunoni, anainama, anapuliza maji kama anayepoza uji wa moto. Basi. Anapuliza, anacheka, anapuliza tena. Halafu anaingiza pua, anatoa hewa kwa pua, mapovu yanatoka. Watoto karibu wote wakiingia majini wanabana pumzi. Mtoto aliyebana, akitoa kichwa nje analazimika kutoa hewa ya zamani na kuvuta mpya kwa wakati mmoja. Hawezi. Anavuta nusu, anameza maji, anaogopa. Anayetoa hewa yote akiwa ndani, akiibuka ana kazi moja tu ya kuvuta. Siendi mbele mpaka kupumua kumekuwa mchezo. Wengine wanachukua siku moja. Kuna mmoja alichukua siku tisa, na leo ndiye anayenisaidia kuwaonyesha wapya.

Kisha kuelea chali. Kiganja changu kimoja chini ya kisogo, kingine chini ya mgongo. Masikio lazima yaingie majini, na hapo ndipo vita ilipo, kwa sababu masikio yakiingia dunia inanyamaza na mtoto anatishika. Namwambia atafute wingu. Kitovu juu, kidevu juu. Akiinua kichwa kutazama vidole vyake, makalio yanashuka, miguu inafuata. Kila kiungo unachokitoa nje ya maji kinabebwa na vile vilivyobaki ndani. Kichwa ni kizito. Mapafu yaliyojaa hewa ndilo boya lake, amezaliwa nalo. Natoa mkono wa mgongoni kwanza, halafu vidole vya kisogoni kimoja kimoja. Siku mtoto anapogundua kwamba mkono wangu haupo na yeye bado yuko juu, uso wake unabadilika, na mimi kwa siku hiyo sihitaji kingine.

Wazazi wananibana sana katika hatua hii. Wiki mbili zimepita na mtoto "bado analala tu juu ya maji". Wanataka kuona mikono inarushwa. Siwapi. Mtoto asiyejua kuelea akifundishwa kurusha mikono, umempa uwezo wa kwenda mbali na hujampa uwezo wa kupumzika akifika huko.

Baada ya hapo tunaunganisha: anateleza kifudifudi, anageuka chali, anapumua, anageuka tena, anaendelea. Mwisho anafanya hivyo akiwa na nguo. Naleta mtumbwi, nautia nanga ndani ya kamba, mtoto amevaa suruali na fulana ya shule ya zamani, anaanguka ubavu kama anayeteleza kweli. Ageuke, apumue, arudi kushika mtumbwi. Nguo zikilowa zinamvuta na anashtuka. Heri ashtuke mbele yangu.

Mtindo huru unakuja mwisho. Miguu inapigwa kutoka nyonga, goti likilegea kidogo, si kama anayeendesha baiskeli. Mkono unaingia mbele ya bega, unavuta maji mpaka pajani. Kupumua ni kugeuza uso pembeni, sikio moja libaki majini. Akiinua kichwa mbele, kila kitu kinashuka kama nilivyosema juu. Kipimo changu cha kumaliza ni mita 25 bila kugusa chini na dakika moja ya kuelea bila kushikwa, na vyote viwili avifanye kwa siku mbili tofauti. Kufaulu mara moja kunaweza kuwa bahati.

Mkigoma Ughaibuni

Salaam ndugu zangu. Nimekulia Gungu, sasa naishi Quebec, Kanada. Uzi huu umenigusa kwa njia ambayo hamtaitarajia. Mwanangu wa miaka 9 anasoma skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa vibao virefu miguuni, ile ya mtindo huru: kuruka, kuzunguka hewani, kupita kwenye vilima vidogo vya theluji. Ni mchezo wa Olimpiki, mashindano ya vilima yalianza kutoa medali Albertville 1992, ya kuruka hewani yakafuata Lillehammer 1994. Huku kwetu kila mtoto anamjua Mikaël Kingsbury aliyechukua dhahabu ya vilima mwaka 2018.

Nilidhani siku ya kwanza wataanza kuruka. Wapi! Mwezi mzima mtoto alifundishwa kuanguka, kuinuka na kusimama. Wanakutanisha ncha za skii mbele kama kipande cha pizza, mwendo unapungua, wanasimama. Asiyeweza kusimama hapandi mlima. Baadaye mizunguko inaanzia kwenye trampolini, siyo kwenye theluji.

Na sikilizeni hili. Majira ya joto theluji ikiisha, wanaoruka hewani wanafanya mazoezi kwenye maji. Kuna mteremko uliofunikwa plastiki, ncha yake imeinuka, mtoto anateleza na skii zake miguuni, anaruka, anaangukia kwenye bwawa. Pale Utah, Marekani, kwenye uwanja wa Olimpiki, wanapuliza mapovu ya hewa kutoka chini ya bwawa ili maji yalegee asiumie anapotua. Amevaa helmeti na jaketi okozi. Kocha aliniuliza swali moja kabla ya kunipa fomu: anaogelea? Nikaona aibu, mimi mtoto wa Kigoma, kusema hapana. Ilibidi tumpeleke kwanza bwawani.

Kuhusu kufundisha kwa kujitegemea, huku mlima una mwenyewe. Vituo vingi vya skii havimruhusu mwalimu wa nje kufundisha kwa malipo bila kibali chao, hata kama ana cheti. Chama cha walimu wa skii cha Kanada kipo tangu 1938 na kina madaraja yake. Wewe hapo Bangwe nani anakupa kibali?

Mwogeleaji wa Bangwe (mleta uzi)

Ndugu yangu, umeniandikia kitu nitakachowasomea wazazi wangu neno kwa neno. Mwezi mzima wa kusimama kabla ya kuruka! Ndiyo kuelea kwetu huko. Mtu anayefundisha mtoto jambo la hatari anaanza na namna ya kujiokoa, iwe theluji au maji.

Nyongeza kwa wanaoanza: kwa kanuni za mashindano ya kuogelea, mtindo huru maana yake mwogeleaji achague staili anayotaka. Wote wanachagua ile ya kurusha mikono kwa zamu kwa sababu ndiyo ya kasi kuliko nyingine. Paris 2024 waogeleaji wetu wawili, Collins Saliboko na Sophia Latiff, walishindana kwenye mtindo huru. Mtoto wa Kigoma naye aote hivyo, sina tatizo, ila baada ya kuelea.

Kibali. Ziwa halina mwenyewe mmoja, lakini ufukwe una watu. Nilianza kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaenda BMU, nikaenda kwa afisa michezo wa manispaa na barua ya kurasa mbili inayosema nafundisha wapi, siku gani, watoto wangapi, nani msaidizi, zahanati ipi iko karibu, na gari gani litapakia mtoto likitokea la kutokea. Barua hiyo iligongwa muhuri, nakala ziko kwa wote watatu. Nilijiuliza maswali mengine manne kabla ya kupokea shilingi ya mtu, na wewe jiulize. Je, ninaweza kumbeba mtu mzima majini mita 50? Nimefundishwa huduma ya kwanza na mtu anayejua, kwa mikono, siyo kwa video? Mtoto akifa mikononi mwangu nitasimama wapi? Nani atanizuia nikianza kulegeza sheria zangu? Katika ajira kuna mkuu wa shule wa kugawana naye lawama. Ukijitegemea, yote ni yako.

Kumlinda mtoto na mtu pia ni kazi. Sifundishi mtoto peke yake bila mtu mzima mwingine kuona. Mzazi anakaa ufukweni akitaka, hata kila siku. Nasema kwa sauti kabla ya kushika, "nashika kisogo, nashika mgongo." Picha za watoto wakiwa na nguo za kuogelea hazipigwi, na simu yangu inabaki kwenye begi la msaidizi. Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo, isome uielewe.

Bint Ujiji

Assalam alaikum. Mwalimu, sisi Ujiji watoto wa kike hatuwaleti kwa sababu ya mavazi na mwalimu mwanaume. Pia Jumamosi na Jumapili asubuhi wako madrasa.

Mwogeleaji wa Bangwe (mleta uzi)

Waalaikum salaam dada yangu. Hili nililichelewa kuliona, miaka miwili ya kwanza nilikuwa na wavulana watupu na sikujiuliza kwa nini. Msaidizi wangu sasa ni dada, mke wa mvuvi, niliyemfundisha mwenyewe. Mabinti wa Ujiji ni wake, mimi nakaa kwenye kamba nikihesabu. Wanavaa taiti ndefu na fulana ya mikono mirefu inayobana, na kofia ya kuogelea au ushungi mfupi unaokaza. Kanga, dera na ushungi mrefu hapana, vinafunga miguu na kufunika uso. Madrasa nimeongea na ustadhi mmoja: kundi lao ni Jumanne na Alhamisi wakati wa likizo. Leteni.

Kijana wa Forodhani

Na pesa mwalimu? Maana moyo tu haununui unga.

Mwogeleaji wa Bangwe (mleta uzi)

Kipindi cha dakika 45 ni shilingi 4,000. Vipindi kumi ukilipa pamoja 35,000. Kwa kila watoto watatu wanaolipa, mmoja wa familia ya uvuvi anaingia kwa anachoweza mzazi. Mara nyingi ni sado ya dagaa. Mwezi mzuri, nikishamlipa msaidizi, nabaki na laki nne na ushee. Mwezi wa kusi, laki moja na nusu, nafanya na kazi ya kupaka rangi mitumbwi. Sijawahi kuongeza idadi ya watoto kwa mwalimu ili nipate zaidi, na hiyo ndiyo sababu bado nalala usingizi.

Siku ya mawimbi ghairi darasa, usilisogeze siku nyingine. Rudisha hela. Mzazi akiona umeghairi kwa usalama na hela ukairejesha, atakuletea jirani zake.

Vifaa nimeanza na visivyofika elfu sitini: vipande vya povu gumu la maboksi ya samaki nilivyovikata na kuvifunga kwa gundi ya turubai, kamba, filimbi, taulo, na madumu ya lita 5. Dumu tupu lililofungwa kifuniko vizuri linamwelesha mtu mzima. Nimefunga kamba ya mita 15 kwenye mpini wake. Kila mtoto wangu, hata wa miaka 6, anajifunza kurusha dumu na kupiga yowe. Kamwe asimfuate mwenzake majini. Anayezama hukumbatia chochote kilicho mbele yake, na ndivyo ndugu wawili wanavyoondoka siku moja.

Na akitolewa hapumui: usimning'inize miguu juu, usimkamue tumbo, unapoteza dakika na unaweza kumrudishia matapishi kwenye mapafu. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi tano mpaka kifua kipande. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, puliza mbili, rudia, huku mwingine anatafuta gari. Aliyezama amekosa hewa, ndiyo maana unaanza na pumzi.

Mvuvi Mstaafu

Mwalimu, nimesoma yote, mjukuu wangu amenisomea mengine. Huyu mjukuu ana miaka 8. Na baba yake, mwanangu, anavua na hajui kuogelea. Miaka yote hii sikuwahi kulisema mbele za watu.

Mwogeleaji wa Bangwe (mleta uzi)

Mzee wangu, asante kwa kulisema. Siku za mbalamwezi, wakati karabai hazifai na mitumbwi imepumzika mchangani, nina darasa la akina baba saa 12 na nusu asubuhi, kabla watoto hawajafika. Hatulipishani. Wapo saba sasa, mkubwa ana miaka 52. Wanaanza na kupuliza uji kama wengine wote.

Mwezi mpevu unaingia wiki ijayo. Mwambie aje na mjukuu, wavae fulana na suruali za kazi, waje na taulo. Akifika pale mitumbwi inapopakwa rangi aulize mwalimu wa kuogelea, ataonyeshwa. Mjukuu atakaa na msaidizi wangu mpaka zamu ya watoto ifike, au kama baba yake ataruhusu, amtazame akielea.

Mvuvi Mstaafu

Watakuja. Nami nitakuja nihesabu vichwa.